Malkia wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kitabu cha kumi na mbili, ambacho ndicho cha mwisho, kiliingia nyumba ya marehemu Malam Sule Jumanne asubuhi kikiwa kimefichwa katikati ya vitenge. Hakuna aliyeagiza kifichwe. Asabe, mwanamke anayezunguka mtaa wa Gwale nyumba kwa nyumba na furushi la nguo kichwani, alishazoea tu kwamba vitabu vya nyumba ile hupitishwa kimyakimya kama bidhaa za magendo. Alitua furushi uani, akalifungua, akachomoa kijitabu chenye jalada jekundu na farasi mweupe, akampa Delu.

"Haya, Hajiya Delu. Kitabu chako hicho. Sijapata kuona mtu asiyejua kusoma anayependa vitabu kama wewe."

"Kinakuwasha nini?" Delu akajibu. "Napenda kuvinusa."

"Safari hii vinagombewa sokoni. Hicho nimekitoa mkononi mwa mwanamke mwingine, karibu tung'oane vilemba. Na wanaokimaliza wote wamenuna. Huyu analia, yule anamtukana mwandishi. Sijui kawafanyia nini."

Hatua tatu kutoka pale Tasalla, mke mwenzake, alikuwa ameketi mkekani anadarizi kofia. Hakuinua macho. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia tena, lakini uzi ulikuwa umeisha zamani. Delu aliliona hilo, akanyamaza mpaka Asabe alipotoka. Kisha akakitupa kitabu juu ya mkeka.

"Chukua mzigo wako. Mimi nimechoka kubebeshwa."

Tasalla alikiokota akakilaza kifudifudi, kama alivyovilaza vile kumi na moja vilivyotangulia, maana upande wa mbele kulikuwa na jina. Herufi kubwa nyeupe, chini ya kwato za farasi: Zuwaira Sule. Mwandishi huyo amezaliwa na Tasalla. Ni mtoto wake wa kwanza, ana miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo yote Tasalla hakuwa amelitamka jina lake hata mara moja.

Msimwone kituko. Kwetu ndivyo. Mtoto wa kwanza mama yake humwonea haya mbele za watu: hamwiti jina, hambembelezi, hamsifu, na akilia humwachia mwingine amnyamazishe. Delu naye ana wa kwanza wake, jitu zima lenye ndevu linalouza matairi, na mpaka leo humwita "Wewe Bwana", nao wanacheka, maisha yanakwenda. Ni adabu tu, na watu wengi huivaa nje wakaivua wakishakuwa chumbani na wana wao. Tasalla hakujua kuivua. Tatizo lilikuwa hapo, na yeye mwenyewe alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Aliolewa ana miaka kumi na mitano, akazaa ana kumi na sita. Mtoto akapewa jina la mama mkwe, na jina la mkwe nalo halitamkwi, kwa hiyo likawa limefungwa kwa kufuli mbili. Alinyonyesha ameelekea ukutani. Wanawake waliokuja kumtazama mtoto walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema binti huyu amelelewa, binti huyu ana haya kwelikweli. Sifa ile ilimlevya. Na yeye alikuwa mtoto vilevile, hakuwahi kusifiwa kwa jambo lolote kabla ya hapo. Akazidisha. Mtoto alipoachishwa ziwa, bibi yake alikuja kumchukua akamlee kwake, mtaa wa pili, na Tasalla alimkabidhi huku akitazama jungu. Baadaye akazaa wengine watano, na hao aliwaita mpaka majirani wakaziba masikio. Habu! Lami! Tanko, shuka huko! Delu anasema mwadhini alikuwa akimsubiri amalize ndipo aadhini.

Kisha kuna siku ya kinu. Zuwaira alikuwa na miaka mitano, amekuja na bibi yake kwenye sherehe ya kumpa jina mtoto wa Delu, ua umejaa wageni. Alikimbia, akajikwaa kwenye kinu, akapasuka juu ya jicho. Wanawake kumi walisimama. Tasalla alikuwa anachekecha unga, akaendelea kuchekecha. Mtoto amebebwa na shangazi yake, damu inamchuruzika hadi kidevuni, na katika watu wote wale waliokuwa wakimpepea na kumfuta alimtazama mmoja tu, yule mwenye chekeche. Haya ile ya Tasalla ilisimuliwa mtaani miaka mingi, kwa sifa. Ambacho hakikusimuliwa, kwa sababu hakuna aliyekiona, ni kwamba unga ulipokwisha alikwenda msalani, akajifungia, akauma kitambaa chake cha kichwa mpaka kikachanika. Alipotoka alikifunga upande uliochanika ndani, akaja kupakua chakula.

Zuwaira alipofika miaka ishirini na minne, tayari ameolewa, alitoa kitabu cha kwanza cha Farasi wa Chumvi. Tasalla alizipata habari redioni, wakati mtangazaji alipokuwa akikisoma kwa sauti, kipande kila siku. Mwaka uleule alijiandikisha darasa la wanawake nyuma ya chuo cha Kurani. Alikuwa na miaka arobaini. Malam Sule, Mungu amrehemu, alipomuuliza kusoma kuna nini tena, alisema anataka ajue maandishi ya kwenye chupa za dawa. Miezi minane baadaye alikuwa anasoma. Chupa za dawa hakuzitazama.

Lakini atavipataje vitabu? Mama wa mtu hawezi kumtuma mchuuzi amnunulie kazi ya mwanawe wa kwanza. Kesho mtaa mzima utasema anajivuna naye. Ndipo Delu, mke mwenzake, akajitolea kuwa mpenzi wa vitabu. Alivinunua yeye, na Tasalla akamsomea uani baada ya sala ya alasiri, Delu anachambua maharage ya bajia za kosai, mwenzake anafuata mistari kwa kidole. Wake wenza wale, ambao zamani waliwahi kunyimana chumvi, walisoma pamoja miaka kumi na miwili. Mume alifariki katikati ya kitabu cha nane.

Hadithi yenyewe ni ya ufalme wa jangwani ambao jeshi lake lote hupanda farasi waliochongwa kwa chumvi. Farasi hao hawali, hawachoki, hawafi, wanaogopa mvua tu. Malkia Tandu alikula kiapo mbele ya majini: siku atakayosema neno na binti yake mkubwa, Barmo, mvua itanyesha, farasi watayeyuka, na adui ataingia mjini. Basi Malkia akanyamaza. Barmo akalelewa na bibi mlinzi wa kisima, akakua, akapigana na majini pande zote nne za jangwa, na kila baada ya vitabu viwili hivi alirudi ikulu na majeraha yake, akasimama mbele ya mama yake. Mama hasemi.

"Vitabu kumi na moja mtu hasemi!" Delu alikuwa akilalamika. "Mimi ningeshasema zamani, farasi wayeyuke, tukapande punda."

"Kuna kiapo, Dada."

"Kiapo, kiapo. Na yule ngamia aliyepotea kitabu cha nne, naye alikula kiapo? Mbona harudi?"

Katika kitabu cha tatu Barmo mdogo anaanguka kwenye ngazi za ikulu, anapasuka uso, na Malkia anaendelea kuhesabu lulu zake. Tasalla alikisoma kipande kile bila kujua kinakokwenda, mpaka akakifikia. Kidole kikasimama. Delu naye akaacha maharage. Hawakusoma tena siku ile. Lakini kesho yake Tasalla alirudi kwenye kitabu, kwa sababu ya kile kiapo. Alikishikilia kiapo kwa mikono miwili. Aliyeandika mambo yale alikuwa amempa Malkia sababu ya kunyamaza, tena sababu nzito, ya kuokoa watu. Kumbe anajua, Tasalla alijiambia. Hanioni katili. Anajua nilifungwa.

Akaanza kungoja. Malkia atasema, lazima aseme, hadithi ndefu kiasi hiki haiwezi kwisha mtu akiwa bubu. Na alijiwekea nadhiri ambayo hata Delu hakuambiwa: siku Malkia atakapomwita Barmo, na yeye atamwita Zuwaira. Mtoto mwenyewe atakuwa amemfungulia mlango, kilichobaki ni kupita. Hakuwa na ujasiri wa kupita mlango uliofungwa. Katika yote aliyowahi kuyafanya huo ndio ulikuwa uoga mkubwa kuliko wote, kumngojea mtoto aliyemuumiza aje amfundishe namna ya kuomba radhi.

Miezi mitatu kabla ya kitabu cha mwisho, redio ilimwalika mwandishi, na wasikilizaji wakaruhusiwa kupiga simu. Ilikuwa Ijumaa mchana. Delu aliweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wapigaji walipiga: mmoja anataka Barmo aolewe, mwingine anataka mji unaoelea angani ushuke, wa tatu anadai kitabu cha sita kilikuwa maji matupu, arudishiwe hela yake. Zuwaira alikuwa akicheka. Tasalla alimsikiliza akicheka. Halafu akainuka, akaichukua simu ya Delu iliyokuwa juu ya mkeka, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Delu alidhani ameenda kumpigia Lami. Mara akasikia redioni sauti anayoijua.

"Karibu mpigaji, tunaongea na nani?"

"Ladi."

"Ladi wa wapi, Hajiya?"

"Wa hapahapa mjini."

"Mji mkubwa huu, Hajiya! Haya, uliza swali lako, mwandishi anakusikia."

Delu alishika kifua. Kisha sauti ikatoka, "Nauliza Malkia. Atasema lini?"

"Aa, Malkia!" Zuwaira akajibu kwa uchangamfu. "Wengi mnamuuliza. Wewe ungependa aseme, mama yangu?"

Hakuna jambo baya katika neno lile. Kila mwanamke wa makamo anayepiga simu redioni huitwa mama yangu. Lakini Zuwaira alimwita bibi yake Inna, na huyu aliyemzaa alimwita Hajiya, kama wamwitavyo wauza nyanya, ingawa Makka hajafika. Kwa mara ya kwanza Tasalla aliitwa mama na mwanawe mkubwa, na aliyeitwa ni Ladi.

"Ningependa," alisema. "Aseme hata neno moja. Pengine naye anaumia. Pengine nyuma ya mlango kuna mambo ambayo hayakuandikwa."

"Mambo ambayo hayakuandikwa, mama yangu, hata mimi siyajui," Zuwaira akasema, na mtangazaji akacheka. "Vitabu kumi na moja ananyamaza, akisema leo, si wasomaji watasema mwandishi amehongwa? Lakini subiri, usikate tamaa. Ahsante kwa kupiga."

Simu ikakatwa. Tasalla alipotoka jikoni Delu alikuwa bado ameshika kifua.

"Mwendawazimu wewe. Na kama angekutambua?"

"Hakunitambua," Tasalla akasema. Akaketi akachukua kofia yake.

Ndiyo maana kitabu cha mwisho kilipofika Jumanne ile hakusubiri alasiri. Waliketi saa nne asubuhi, chungu hakijateremshwa, na akaanza. Kurasa thelathini za kwanza zilikuwa za moto. Maadui wamekuja kwa maelfu, Barmo yuko juu ya ukuta, mlinzi wa kisima anagawa maji. Tasalla alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma maishani mwake, anabadilisha sauti, jini anampa ya puani, jemadari anampa ya kifuani, mpaka Delu anapiga makofi. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema hivi: mishale ikarushwa kutoka mashariki, ikavunja mitungi, ikaua farasi wawili wa kawaida, mmoja wa mishale ile ukampata Malkia Tandu aliyekuwa akipita uani, akafa, na Barmo akaamuru lango la kusini lifungwe.

Tasalla alirudia sentensi ile. Akageuza ukurasa. Lango la kusini lilikuwa linafungwa.

"Amekufa?" Delu akauliza.

"Amejeruhiwa. Kuna majini hapa, atafufuka. Yule wa kitabu cha tano si alifufuka mara mbili?"

Akasoma. Akasoma bila kula, bila kubadilisha sauti tena, majemadari na majini wote wakasema kwa sauti moja kavu. Malkia hakufufuka, wala hakuzikwa, wala hakuna aliyemlilia. Karibu na mwisho mvua ikanyesha yenyewe, farasi wakayeyuka, na jini mzee aliyesimamia kiapo akacheka sana. Akamwambia Barmo kwamba kile kiapo hakikuwahi kuwa na nguvu yoyote. Mvua hunyesha inapotaka. Mama yako angeweza kusema siku yoyote, jini alisema, ni kwamba tu alizoea kunyamaza. Barmo akasikia, akaenda zake, akamtawaza mlinzi wa kisima kuwa mama wa mji. Watoto wakashuka barabarani kulamba chumvi iliyotiririka, na hadithi ikaishia hapo.

Kilichomuuma Tasalla zaidi ni kwamba kilikuwa kizuri. Kingekuwa kibaya angekitupa jikoni. Vita vya kisima cha saba vilimfanya asahau kupumua, na wale watoto wa mwisho na ndimi zao nyeupe walimtoa machozi ambayo hayakuwa ya uchungu peke yake. Alijisikia fahari, na fahari hiyo hakuwa na pa kuipeleka. Mtu wake ndiye aliyeyafanya haya, kwa kichwa chake mwenyewe, na mtu wake huyohuyo amemfuta kwa mshale wa kupotea, katikati ya sentensi, baada ya farasi wawili wa kawaida.

"Na ngamia?" Delu akauliza.

"Hajarudi."

"Basi ni mwandishi mbaya," Delu akasema. Alisema hivyo kwa mapenzi, na Tasalla alilijua hilo, lakini akamjia juu, "Usimseme!" kwa ile sauti ya zamani ya kuwaitia akina Habu. Wote wawili wakashtuka.

Idi ilikuja wiki tatu baadaye. Siku ya pili yake Zuwaira alikuja kusalimu kama anavyokuja kila mwaka, kikapu cha vyakula mkononi, vazi jipya, kovu lile juu ya jicho limeanza kupotea kwenye mikunjo. Alipiga magoti ukingoni mwa mkeka, macho chini.

"Heri ya Idi, Hajiya. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Na uchovu wa sikukuu?"

"Hakuna."

"Na watoto?"

"Wazima."

Salamu huwa zinaishia hapo. Zuwaira hukaa kidogo, hunywa fura ya maziwa, huaga. Delu aliwatazama wote wawili, akainuka. "Nyama yangu inaungua," akasema. Nyama yake ilikuwa bado kwenye beseni, mbichi, mbele ya macho yao. Akaenda nayo.

Tasalla akauliza, "Ule mshale ulitoka wapi?"

"Mshale gani, Hajiya?"

"Wa ukurasa wa thelathini na moja."

Zuwaira aliinua uso. "Mama Delu kakusimulia?"

"Delu hajui A. Nimesoma mimi. Vyote."

"Vyote tangu kipi?"

"Tangu cha kwanza."

Zuwaira alikaa akimtazama. Kisha akacheka kwa pumzi, bila sauti. "Miaka kumi na miwili. Kila Idi napiga magoti hapa nasema, Hajiya, nimetoa kitabu. Na wewe unaniambia nini? 'Umewaacha wazima kwako?' Kila mwaka. Nilikuwa nikitoka hapa najihesabia: labda mwakani."

"Nilikuwa naona haya."

"Najua. Watu wamenieleza tangu nina akili. Mama yako ana haya kuliko wanawake wote wa Gwale. Nimekulia juu ya hiyo sifa, Hajiya. Haishibishi."

"Umesema hapakuwa na kiapo. Umesema angeweza kusema siku yoyote."

"Ndiyo, nimesema."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Hapana. Mwanzoni nilikiamini mwenyewe. Mpaka kitabu cha saba nilikuwa nimepanga aseme. Ukurasa wake nilikuwa nao tayari, nimeuandika vizuri." Zuwaira alinyoosha mkunjo wa mkeka kwa kidole. "Halafu nikazaa mwanangu wa kwanza. Mchana namwita Wewe, kama kila mtu. Usiku tukibaki wawili namwita jina lake, anacheka, na nyumba haijaanguka. Nikaona kumbe ni rahisi hivi. Nikauchana ule ukurasa. Malkia nilimbakiza kwa ajili ya wasomaji tu. Mwishowe nikawa sina kazi naye."

"Nilipiga simu," Tasalla akasema. "Redioni. Ladi, nilisema naitwa Ladi. Ulinijibu."

Zuwaira alijaribu kukumbuka. Alijaribu kwa moyo mweupe kabisa, paji la uso likakunjamana. "Walipiga akina Ladi wengi," akasema.

Basi Tasalla akamwambia habari za siku ya kinu. Hakuwahi kuzisema kwa mtu. Zilitoka ovyo, mwisho kabla ya mwanzo, kitambaa kabla ya damu, namna alivyojifungia msalani, namna alivyokuja kupakua chakula huku meno yanamuuma, namna alivyokuwa akipita mbele ya nyumba ya Inna kwa visingizio vya kwenda kutoa pole kwa watu ambao hawakufiwa. Zuwaira alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hilo ningelijua kabla ya kitabu cha tatu, Hajiya," akasema, "vingekuwa vitabu vingine kabisa. Sasa vimeshachapwa."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Tasalla angekuwa na kitu cha kushika. Zuwaira aliinuka, akarekebisha mtandio, akasema mumewe anamngoja nje na kuna nyumba tatu bado hawajazisalimu. Akainama kuvitoa vyakula kikapuni na kukusanya vyombo vyake vya mwaka jana vilivyokuwa vimepangwa kando ya ukuta, mgongo ameugeuzia mkeka.

Tasalla akajua kwamba mwanawe akitoka pale, hakutakuwa na kitabu kingine cha kungojea. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akafungua tena. Ile sauti kubwa aliyowaitia watoto watano haikupatikana. Ilitoka nyingine, ndogo, yenye mikwaruzo, ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua.

"Zuwaira."

Zuwaira aliweka chombo chini, akageuka, akatazama pazia la mlangoni aone ni nani aliyemwita.